Siku sita Mbale: Wayahudi wa Nabugoye, Wakatoliki wa Nyondo na kahawa ya mlima mmoja

Siku ya 1, Jumatano

Nimetoka Moshi saa kumi na mbili asubuhi na begi moja, sweta, na kilo mbili za kahawa ya nyumbani kwa ajili ya wenyeji wangu, maana mkulima wa kahawa haendi kwa mkulima mwenzie mikono mitupu. Mi ni mtu wa Kibosho, nimezaliwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, nimebatizwa Mkatoliki kama ukoo mzima, na kule kwetu hata hujiulizi kwanini we ni Mkatoliki, unajikuta tu. Kibosho, Kilema, Rombo ni Wakatoliki, Machame na Marangu ni Walutheri, mlima uligawanywa na wamisionari zamani za babu zetu na mpaka leo ukimtajia mtu kijiji chako ashajua unasali wapi.

Sasa kwenye chama chetu cha msingi kuna mwenzetu alishawahi kwenda Uganda kwenye mafunzo ya kahawa, akarudi anasimulia kwamba chini ya mlima Elgon kuna Waafrika Wayahudi, weusi kama sisi, wakulima kama sisi, wanalima kahawa pamoja na Wakatoliki na Waanglikana na Waislamu kwenye ushirika mmoja. Wengi walimcheka. Mi sikucheka, nilikaa na hilo jambo karibu miaka miwili, nikatafuta namba, nikaongea na kijana mmoja wa huko kwenye simu, akanikaribisha, akaniambia tu "njoo ufike kabla ya Ijumaa jioni, ukichelewa utakuta tumeshafunga kazi zote".

Namanga tumevuka vizuri, Nairobi saa tisa, usiku nikapanda basi la Kampala.

Siku ya 2, Alhamisi

Basi limeharibika mbele ya Eldoret saa nane usiku, tumekaa barabarani saa nne kwenye baridi na kondakta kazima simu. Nisiseme zaidi, ila kulikuwa na mama ana mtoto mchanga na abiria wote tukampa mashuka na makoti mpaka fundi akaja.

Malaba nikashuka. Kadi ya homa ya manjano wanaiangalia kweli kweli, usije bila. Upande wa pili nikapanda teksi, na huku teksi sio gari ndogo, ni Hiace, ile sisi tunaita daladala, nikapita Tororo na lile jiwe lake kubwa limesimama katikati ya mji kama mtu amelileta akalisahau, afu barabara inanyooka kaskazini na mlima unaanza kujitokeza mkono wa kulia.

Elgon wenyewe wanauita Masaba. Kilele chake Wagagai ni mita 4,321 ila huwezi kukiona ukiwa chini, sio kama Kibo inayokutazama usoni kila asubuhi, huu ni mlima mpana ulioinama, una mabega mengi. Juu ya mji wa Mbale kuna ukuta wa mwamba wa Wanale na maporomoko ya maji membamba yanashuka kama uzi mweupe. Chini migomba, kahawa, maharage, mihogo. Nilivyoona kahawa imepandwa chini ya migomba nikajisikia nimefika kwetu.

Kiswahili kinaeleweka kuliko nilivyodhani, sababu Kenya iko karibu na sokoni Wakenya ni wengi. Ila wazee wakikisikia wanakuangalia kwanza. Huku Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, lugha uliyoamriwa nayo ulale chini. Nikajifunza haraka kusema "mulembe", ndio salamu ya Wagisu, watu wa mlima huu, maana yake amani, afu ndio naendelea na Kiswahili changu, na uso wa mtu unalegea.

Jioni nimekula malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi yakapikwa na karanga. Nilirudia sahani.

Siku ya 3, Ijumaa

Bodaboda kutoka mjini mpaka Nabugoye haifiki nusu saa, unaacha lami, unapanda barabara nyekundu, watoto wanakupungia na wengine wana vile vikofia vidogo vya duara kichwani, vimefumwa kwa nyuzi za rangi. Hapo ndio nikajua kweli nimefika.

Mwenyeji wangu ni mzee wa miaka 72, nitamwita Mzee tu. Anaongea Kiswahili cha zamani kizuri, alifanya kazi Kenya ujanani. Nimempa kahawa yangu, ameinusa, akaniuliza imekauka siku ngapi, tukaongea kahawa nusu saa kabla hata sijakaa. Afu akanipeleka kuona sinagogi, jengo la matofali lililofunguliwa 2016, kubwa, na kutoka pale unaona bonde lote.

Nilimuuliza swali ambalo najua kila mgeni anauliza, nyie mlikuwaje Wayahudi? Nilitegemea hadithi ya kabila lililopotea, safari ya jangwani, Sulemani. Mzee akasema hapana, sisi hatudai damu ya mtu, sisi babu zetu walisoma kitabu wakakiamini.

Hadithi yenyewe ni ya mtu mmoja, Semei Kakungulu, Mganda, jemadari. Kwenye vita vya Buganda vya 1892, vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, vile ambavyo watu waliita Wafaransa na Waingereza kufuata wamisionari wao, yeye alipigana upande wa Waprotestanti. Baadae akawatekea Waingereza nchi yote hii ya mashariki, akajenga maboma, barabara, na mji wa Mbale ni yeye aliuanzisha. Alitegemea wamfanye mfalme wa huku. Wakamfanya mtumishi wao, wakampunguza kidogo kidogo, wakampeleka Busoga kuanzia 1906 mpaka 1913, akarudi Mbale na uchungu wake. Akajiunga na Wamalaki, dhehebu la Waganda waliokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi, yeye hata ng'ombe wake alikataa wasichanjwe, ikawa kesi na serikali. Na wakati wote huo alikuwa anasoma Biblia ya Kiganda, hasa vile vitabu vitano vya Musa, na alipofika kwenye kutahiriwa akasema hili ni agizo, nani alilifuta? Wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi sisi Wakristo hatufanyi. Akajibu basi kuanzia leo mi ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa akiwa mtu mzima wa miaka kama hamsini, na wanawe pia.

Fikiria Mganda, watu ambao tohara kwao ilikuwa mwiko, anafanya hivo katikati ya nchi ya Wagisu ambao bila tohara we sio mwanaume. Mzee anasema wakati ule Wayahudi wenyewe wa duniani hawakujua kama kuna watu hawa. Mpaka 1920 akapita Myahudi mmoja mgeni, wanamkumbuka kwa jina la Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda na namna ya kuchinja. Basi. Mengine yote walijishikia wenyewe kutoka kwenye kitabu.

Saa tisa jikoni kumechangamka. Mama mwenye nyumba anasuka mkate, mikanda mitatu ya unga anaipitisha moja juu ya nyingine kama anasuka nywele za mtoto, haangalii hata mikono, anaongea na mimi huku anasuka, afu anaupaka yai juu na kuuweka kwenye sufuria kubwa yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kuku kachinjwa na mtu wao aliyesomea, maana desturi ya Uganda nyama ya buchani inachinjwa na Waislamu na kila mtu anakula, ila hawa wana wachinjaji wao.

Saa kumi na mbili na robo kila kitu kimesimama. Simu zimezimwa, yangu pia. Mama kachomeka mishumaa miwili kwenye sahani ya bati yenye mchanga, kaiwasha, kazungusha mikono juu ya moto mara tatu kama anauvuta mwanga kwake, akafunika uso. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikujua nikae au nitoke, mtoto wake akanivuta shati nikakaa.

Sinagogini wameimba. Mi ni mwanakwaya wa parokia miaka 19 na nakwambia zile sauti zinatoka hukuhuku, mmoja anaanza na wote wanajaza, sauti ya pili inaingia yenyewe bila mwalimu. Wanaume na wanawake wamekaa pamoja. Wanachanganya Kiebrania na Kiganda, na kijana aliyekaa karibu yangu alikuwa ananionyesha tuko wapi kwenye kitabu, ikawa Zaburi ya 95, "Njoni tumwimbie Bwana", na mi hiyo naijua kwa moyo, tunaiimba kwetu kila mara, nikajikuta naiimba kwa Kiswahili chini chini ndani ya tuni yao. Kijana akanisikia akatabasamu. Afu 96, 97, zote zetu. Wakafika kwenye wimbo wa kuikaribisha Sabato kama bibi harusi, wote wakageuka kuangalia mlango na mi nikageuka nao.

Siku ya 4, Jumamosi

Leo sikuandika kitu, naandika haya usiku baada ya nyota kutoka. Kwenye nyumba yao siku ya Sabato mtu haandiki na sikutaka kuwa mgeni anayejificha chooni na kalamu.

Asubuhi walitoa gombo la Torati, likazungushwa, watu wanaligusa na kubusu vidole, afu likafunguliwa juu ya meza. Somo la juma hili ni Mwanzo 23, kifo cha Sara. Rabi wao mkuu, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akapata upadrisho wao mwaka 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, Myahudi kuchaguliwa na watu ambao karibu wote sio Wayahudi, hilo peke yake linakwambia kitu kuhusu majirani zao. Leo aliyefafanua somo ni kijana mwingine, kwa Kiganda, Mzee ananitafsiria sikioni.

Ibrahimu amefiwa. Hana hata kipande cha ardhi cha kumzika mkewe. Anasimama mbele ya wana wa Hethi anasema "mimi ni mgeni na msafiri kwenu", nipeni mahali pa kuzikia. Wanamwambia chukua tu bure, we ni mtu mkubwa kwetu. Anakataa, anapima shekeli 400 za fedha, analipa mbele ya watu wote langoni. Yule kijana akasema Ibrahimu aliahidiwa nchi nzima ila ardhi ya kwanza aliyoimiliki kweli ilikuwa kaburi, na aliipata kwa kuongea vizuri na majirani.

Mi Mchaga. Kihamba ndio kaburi letu, babu yuko pale, bibi yuko pale, mgomba umeota juu yao, Krismasi wote tunarudi. Hilo somo nimelisikia kanisani mara ngapi sijui lakini sikuwahi kulisikia kwa masikio ya mtu ambaye ni mgeni kwenye mlima wa watu wengine.

Baada ya chakula (cha jana, kimewekwa kwenye makaa tangu Ijumaa, leo hawawashi moto) tukakaa chini ya mwembe na Mzee akaniuliza vizuri, we ni wa Tanzania wapi, una ndugu jeshini? Nikamwambia baba yangu mdogo alikuwa vita vya Kagera, alienda mpaka Kampala.

Mzee alinyamaza. Akauchukua mkono wangu akauweka katikati ya mikono yake miwili na hakuuachia kwa muda mrefu.

Anasema Amin aliwafukuza Waisraeli mwaka 1972 na baada ya hapo dini yao ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa, mengine yakabomolewa. Kabla ya hapo walikuwa kama 3,000, alipoondoka walibaki kama 300. Watu walienda kuwa Waislamu, wengine Waanglikana, wengine wakaja kwenu, ndivyo alivyosema, "wakaja kwenu Nyondo", na hawalaumu maana mtu ana watoto. Waliobaki walisali usiku, ndani, kwa sauti ya chini, mtoto mmoja nje anaangalia njia. Mishumaa waliwasha chini ya kitanda. Nikamuuliza majirani hawakujua? Akasema walijua wote! Kijijini utaficha nini, Jumamosi huonekani shambani. Walijua na hawakusema. Jirani yake Mkatoliki Ijumaa jioni alikuwa anamleta ng'ombe wake amfunge mbele ya nyumba yao, akae hapo anamchunga mpaka giza, akiona askari anaanza kumfokea ng'ombe kwa sauti kubwa. Ndio kengele yao.

Na Wakatoliki nao hawakuwa salama, tusisahau. Jaji mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa mahakamani 1972 hakuonekana tena, na padri Clement Kiggundu mhariri wa gazeti la Munno aliuawa mwanzoni mwa 1973. Mzee aliyataja mwenyewe majina hayo kabla yangu.

Afu akasema, Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku ile ile ndio ilikuwa mkesha wa Pasaka yetu. Tumekaa tunasoma habari za kutoka Misri, hatuna hata unga wa kutosha, na redio inasema Amin amekimbia.

Mi nilikuwa najua tarehe hiyo tangu darasa la tano. Ilikuwa kwenye mtihani.

Siku ya 5, Jumapili

Nimeenda misa Nyondo, kusini ya mji, nje kidogo ya barabara ya Tororo. Hii ni misioni ya mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, na wao kuwepo huku ni matokeo ya vita ile ile ya 1892. Baada ya vita ile Roma iliona Wakatoliki wataendelea kuitwa Wafaransa mpaka lini, ikaleta mapadri kutoka Uingereza, wakafika 1895 wakiwa na askofu Henry Hanlon wakapewa upande wa mashariki. Kwa hiyo jemadari wa Kiprotestanti anatangulia na bunduki, mapadri Wakatoliki wanakuja nyuma kwenye njia zake, afu jemadari mwenyewe anageuka Myahudi. Na Waanglikana walishajenga Nabumali jirani hapo hapo. Kwenye mlima huu Wakatoliki sio wachache kama Wayahudi, hata kidogo, lakini wazee wanakumbuka miaka ambayo machifu na walimu wengi walikuwa wa upande wa pili na Mkatoliki alikuwa anajiona mtu wa pembeni kwenye ardhi yake.

Kitu kilichonishangaza ni lugha. Wazee wa Nyondo nyimbo zao nyingi ni za Kiganda, sio Kigisu. Nabugoye pia, Zaburi ni za Kiganda. Kiganda kililetwa huku na watu wa Kakungulu, ndio ikawa lugha ya machifu, ya katekisimu na ya vitabu, na leo Mkatoliki na Myahudi wote wanaomba kwa lugha ya yule aliyewashinda babu zao.

Somo la kwanza likawa la nani? La nabii Malaki, "siku ile inakuja, inawaka kama tanuru". Nikawaza Wamalaki wa Kakungulu, nikawaza kwamba jana na leo nimesikia kitabu kile kile kikisomwa kwenye nyumba mbili na kote watu wanasikiliza.

Baada ya misa kijana wa Nabugoye alikuwa ameniunganisha na mama mmoja Mkatoliki ambaye ameolewa upande ule, nyumba yake iko bega kwa bega na za Wayahudi, anakuja misa Nyondo na watoto. Ni mjane. Tulirudi wote kwa teksi na njiani akanisimulia jinsi mume wake alivyofariki, na hili nataka niliandike lote.

Mume alifariki Ijumaa saa sita mchana. Majirani wengi ni Wayahudi na saa kumi na mbili jioni Sabato inaingia, hawawezi kuwasha moto, kubeba, kupika, mpaka kesho usiku, na huku kwao mkesha wa msiba unataka moto na chakula kwa watu wote wanaokuja. Anasema alikaa tu anawaza nani atamsaidia. Saa nane wakaanza kufika. Wanawake na madumu ya maji, mapipa yote yakajaa. Wanaume na kuni, zimepasuliwa tayari, zimepangwa ukutani kwa ukubwa, ndogo za kuwashia huku, magogo kule. Turubai likafungwa. Masufuria makubwa yakapandishwa mafigani na maharage yakiwa yameshaiva, wakayaacha kwenye moto wa taratibu. Saa kumi na moja na nusu wakamwambia mama sisi sasa tunaenda, moto wawashe wenzako, ila tutakuja kukaa. Wakaenda kuoga, wakaingia sinagogini, na usiku wakarudi kwa miguu bila tochi mkononi, wakakaa naye kwenye mwanga wa moto ambao wao wasingeweza kuuongezea kuni. Wakatoliki ndio walikuwa wanasukumia kuni ndani. Akasema, "zile kuni zilitosha siku tatu, mwanangu, mpaka nyingine zilibaki".

Nimemuuliza kama anajua somo la jana la sinagogi lilikuwa la msiba wa Sara. Hakujua. Nikamsimulia mpaka tukafika.

Siku ya 6, Jumatatu

Kahawa hatimaye. Mwezi wa 11 ni msimu, matunda mekundu yamejaa matawi, tumechuma kuanzia saa moja na yule kijana aliyenikaribisha, dada zake wawili, na jirani yao Mwislamu. Kijana anachuma kwa kuzungusha tunda, havuti, ili kile kikonyo kibaki mtini kwa ajili ya mwakani, hivyo hivyo baba yangu alivyonifundisha kwa kofi. Mashine ya kumenya ni ya mkono, tumeimenya pale pale, punje zinatoka zinateleza kama zimepakwa sabuni, zinalala kwenye ndoo usiku kucha na kesho zinaoshwa.

Ushirika ulioanza 2004 waliuita Mirembe Kawomera, Kiganda, ni kama kusema amani tamu. Aliyeuanzisha ni J.J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa hapa, ambaye tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, anaenda kutembelea yale maghorofa mawili, akayaona yakiungua mbele ya macho yake. Akarudi kijijini akaanza kupita nyumba kwa nyumba, Mwislamu, Mkristo, Myahudi, kuuliza mtakubali tuuze kahawa pamoja? Walipata mnunuzi California aliyelipa bei nzuri kuliko walanguzi. Uongozi waligawana kwa dini zote tatu. Kijana hakunificha, changamoto ni nyingi, bei inapanda inashuka, na mlanguzi anakuja na pesa taslimu mwezi ambao ada ya shule inadaiwa, nani atasubiri ushirika. Nikamwambia kwetu ni hivyo hivyo, tuna ushirika tangu enzi za wakoloni na mlanguzi bado anajua tarehe ya kufungua shule kuliko mwalimu.

Nimemuuliza kuhusu imbalu. Wagisu wanatahiri vijana kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wanafungua kwenye uwanja wa Mutoto mwezi wa 8, kijana amepakwa unga, kengele mapajani, anasimama wima mbele ya watu na hatakiwi hata kupepesa jicho. Yeye alitahiriwa akiwa na siku nane. Anasema shuleni wenzake walimwambia we hukusimama, we ulilazwa. Ilimuuma sana utotoni. Siku moja babu yake akamwambia waambie hivi, mimi ukoo wangu uliniamini nikiwa bado sijui kulia kwa jina. Hakujua maana yake ila aliwaambia na wakanyamaza.

Mchana Mzee kanipeleka Gangama, alikoishi Kakungulu miaka yake ya mwisho na alikozikwa. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928, wiki moja tu kutoka leo ndio siku yenyewe. Mtu aliyeteka nchi kutoka Nile mpaka Elgon ana kaburi la saruji kwenye majani, kuku wanapita. Mzee akaokota kijiwe akakiweka juu, akanipa na mimi kimoja, nikaweka. Kwetu tungeweka sale. Nikamweleza sale ni nini, lile jani la amani la Wachaga, ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukataa msamaha. Akasema hilo jani lingefika Uganda mapema lingetusaidia.

Tumekaa pale kivulini. Nikatoa simu nikampigia baba mdogo Kibosho, nikamwambia shikamoo, nipo na mtu hapa anataka kukusalimia. Mzee alisimama kuongea, kama mtu anayeongea na afisa. Nilidhani atasema habari za Pasaka na ukombozi, aliyonisimulia juzi. Akauliza ulipita njia ipi, Masaka? Mpigi? Baba mdogo simu yake ina sauti kubwa namsikia, anasema Masaka, mvua ilikuwa inanyesha kila siku, viatu vilioza miguuni, wananchi walitupa matoke na sisi wengine Wachaga tukalia kwa sababu yalikuwa kama ya nyumbani. Mzee akacheka mpaka akajishika kifua. Akauliza una miaka mingapi sasa, una wajukuu wangapi, kahawa yenu imeiva? Baba mdogo akasema mwaka huu imechelewa, mvua za vuli hazieleweki. Huku pia, akasema Mzee, huku pia hazieleweki.

Waliongea dakika 11 mpaka salio langu likakata. Mzee akanirudishia simu kwa mikono miwili, akasema mwambie nikifika nyumbani nitampigia kwa ya kwangu, hatujamaliza.